Dira Iliyosema Kweli Ikiwa Chini

Dira haisemi uongo. Ikisema uongo, basi kuna mtu kaifundisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya Mama Shaba, na imani ya mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka ishirini na sita si kitu cha kuchezea. Haitafuti tena ushahidi, inatafuta mshitakiwa tu.

Alikuwa fundi wa dira kwenye uwanja mdogo wa ndege, ule wa ndege za viti kumi ambazo abiria anapimwa uzito pamoja na mzigo wake na hakuna anayeona haya. Jina la Mama Shaba lilitokana na bisibisi yake. Ukiisogeza bisibisi ya chuma karibu na dira, dira inaacha kazi na kuanza kuifuata bisibisi, kwa hiyo yeye alitumia ya shaba, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuisogeza mezani ili apate pa kuweka kikombe. Watani wake walisema analala nayo. Hakuwahi kukanusha.

Mbali na karakana, mbali na mabati na nyaya, kulikuwa na duara kubwa lililopakwa rangi nyeupe chini. Ndege ilivutwa mpaka katikati, ikageuzwa kidogo kidogo: kaskazini, kisha nyuzi thelathini, kisha sitini, mpaka imalize mzunguko. Kila iliposimama Mama Shaba alisoma dira ya ndege, akailinganisha na dira yake ya mkononi, akazungusha skrubu mbili ndogo zinazosogeza sumaku za kurekebishia mpaka dira hizo mbili zikubaliane. Mwisho alijaza kadi ndogo inayobandikwa chini ya dira, akaipiga muhuri wenye namba yake. Rubani akiwa ndani ya wingu, haoni mbele wala nyuma, anaiamini kadi ile. Maana yake anamwamini Mama Shaba.

Na kwenye duara lake kulikuwa na sheria. Pembeni aliweka sanduku la mbao, na kila aliyeingia aliacha humo simu, funguo, saa na mkanda wenye bizimu ya chuma. Ndiyo maana siku za kupima dira wanaume wazima walionekana wakisukuma ndege kwa mkono mmoja na kushikilia suruali kwa mkono mwingine. Mama Shaba hakucheka. Kazini hakuwa mtu wa kucheka.

Balaa lilianza na kilima. Ndege moja kongwe, ambayo mtambo wake wa kuonyesha njia kwa satelaiti ulikuwa umepelekwa kutengenezwa, ilitoka ndani ya wingu ikiwa na abiria tisa, na kilima kilichopaswa kuwa mbali mkono wa kushoto kikawa mbele ya kioo. Rubani aliikwepa miti kwa kiasi ambacho abiria mmoja alisema aliona viota. Walitua salama, mama mmoja akiwa amepoteza sauti kwa kupiga kelele. Rubani aliandika kwenye daftari la ndege: dira imekosea nyuzi kumi na nane.

Rubani huyo alikuwa mkwe wa Mama Shaba, mume wa binti yake wa pekee, baba wa mjukuu wake wa pekee.

Mama Shaba aliivuta ndege kwenye duara siku hiyo hiyo. Dira ilisema kweli kila upande. Akairudisha kazini. Siku mbili baadaye mkwe alipita juu ya barabara kuu iliyonyooka, ambayo mwelekeo wake kila rubani anaujua kwa kichwa, akaona dira imepotoka tena. Mama Shaba akaipima tena, ikasema kweli tena. Hata pale ndege inaposimama kwenye mstari tayari kuruka, dira ilikuwa sahihi. Ikipanda juu, inaharibika. Ikishuka, inatubu.

"Dira haipandwi na mashetani," alisema mkuu wa karakana, mwanaume mpole ambaye upole wake ulimwogopesha Mama Shaba kuliko ukali. "Ndege haibebi tena abiria mpaka tujue. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Usipopata sababu, muhuri urudi ofisini. Watu walikaribia kufa, Mama."

Hapo ndipo shaka ilipoingia kwa Mama Shaba, na ilipoingia ilileta godoro lake kabisa. Aliwaza kwamba kuna mtu anamchezea. Mtu anayelegeza skrubu baada ya yeye kupima na kuzirudisha kabla hajapima tena. Aliwatazama wapakiaji mizigo na mikokoteni yao. Alimtazama msafishaji wa ndege, mama wa watu ambaye kosa lake lilikuwa kusalimia kwa furaha kupita kiasi. Mtu wa kusalimia hivyo saa kumi na mbili asubuhi ana nini moyoni? Alianza kuwapekua watu kwa dira yake ya mkononi, akiipitisha kifuani na kiunoni mwao huku akiangalia kama itatikisika. Ilitikisika kwa mpakiaji mmoja, naye akatoa kwenye soksi kifungulia chupa.

Lakini jicho lake lilirudi siku zote kwa Mzee Nati.

Mzee Nati alikuwa fundi wa injini, na walikuwa wakila meza moja kwa miaka kumi na nne. Alijua dira karibu sawa na yeye. Miaka ile muhuri ulipotafutiwa mtu, majina yaliyopelekwa yalikuwa mawili, na la Mzee Nati likakataliwa. Hakuwahi kulalamika. Sasa Mama Shaba alianza kulitafakari jambo hilo: mtu asiyelalamika miaka kumi na nne, malalamiko yake ameyaweka wapi?

Siku alipompekua, Mzee Nati aliinua mikono kama mtu anayepimwa shati kwa fundi cherehani, akasubiri dira ipite. Haikutikisika.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Bado mmoja, Fundi. Hujampekua Kapteni."

Wapakiaji wakageuka kutazama. Mama Shaba akaishusha dira.

"Kapteni ndiye aliyeripoti."

"Sikatai. Lakini ndiye peke yake anayekuwemo ndege ikiwa juu, na wewe humuulizi kitu. Nakuomba, muulize anaweka nini kule mbele. Kikulacho ki nguoni mwako."

Angesema jambo hilo mahali pengine, labda lingesikika. Lakini alilisema mbele za watu, na juu ya mkwe. Mkwe si mtu wa kupitishiwa kitu kiunoni. Kwa mkwe unasikiliza, unakaribisha, unauliza habari za safari na kuridhika na jibu la "nzuri". Tangu kijana yule amwoe binti yake, Mama Shaba hakuwahi hata kumwona bila viatu. Alimpenda kwa mbali, kwa heshima, na alijua kwamba binti yake angekuwa wa kwanza kusikia kama mama ameanza kumshuku mumewe. Halafu huyu mzee mwenye mafuta kwenye kucha anasimama na kusema nguoni!

"Mzee Nati," akasema, "nyumba yangu usiiguse."

Mchana huo aliifungua dira akaziangalia skrubu kwa kioo cha kukuzia. Kwenye moja kulikuwa na mkwaruzo. Mkwaruzo wa nini? Wa lini? Skrubu ya miaka thelathini ikikosa mkwaruzo ndiyo ya kushangaza. Lakini mwenye shaka hahitaji mengi. Akaketi akaandika ukurasa mzima: kwamba skrubu imeguswa kwa bisibisi ya chuma, kwamba mwenye ujuzi wa kufanya hivyo ni mmoja, na kwamba mtu huyo amejaribu kumsingizia rubani mbele ya mashahidi. Akapiga muhuri.

Mzee Nati aliambiwa apumzike nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alikabidhi ufunguo wa kabati lake, akachukua kikombe chake cha chai, akapita mbele ya meza ya Mama Shaba. Mama Shaba alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Moyoni alisikia nafuu, na nafuu ile ilikuwa tamu.

Kuhakikisha, aliazima kwa binti yake rangi ya kucha nyekundu, akadondosha tone moja kwenye kila skrubu. Mtu akizigusa, rangi itapasuka. Jumatatu ndege ikapaa bila abiria, ya kujaribu. Mama Shaba aliingoja amesimama juani, akiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kumkamata mwizi.

Mkwe alishuka akitikisa kichwa. "Nyuzi kumi na nane, Mama. Zile zile."

Rangi ya kucha ilikuwa nzima. Haikuwa hata na ufa.

Alikaa kwenye kiti cha rubani kwa muda mrefu akiyatazama yale matone mawili mekundu. Mzee Nati yuko kwake. Skrubu hazijaguswa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, alijiambia, halafu akajikasirikia kwa kujisema. Kwa maana shaka haikuondoka, ilihama tu. Amebaki nani? Amebaki yule asiyepekuliwa. Na je, kama dira haijakosea hata siku moja, ila aliyekosea ni mwandishi wa daftari? Nyuzi kumi na nane kila mara, bila kupungua wala kuzidi. Kuna hitilafu gani duniani yenye nidhamu hiyo?

Jioni alipita kwa binti yake kurudisha rangi. Wakawa jikoni, mjukuu amekaa sakafuni anagonga sufuria kwa mwiko.

"Mumeo siku hizi ananionaje?" Mama Shaba aliuliza, akijifanya anapanga vijiko.

"Anakuonaje vipi?"

"Nauliza tu. Hana kinyongo na mimi? Sijamkosea pahali?"

Binti akaacha kukatakata vitunguu. "Mama. Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu."

"Tangu siku ya kile kilima halali. Anaamka anakaa kitandani, anasema angewaua watu tisa na mtoto angekua bila baba. Na kila asubuhi ananiambia, asante Mungu dira anaishughulikia mama, ingekuwa mtu mwingine ningeacha kazi." Akamtazama mama yake vizuri. "Sasa wewe unamuwazia nini?"

Mama Shaba alisema kijiko kimoja kimepungua, akaaga. Njiani aibu ilimwasha mwili mzima, lakini shaka aliondoka nayo vilevile. Watu wanasema mengi wakiwa na wake zao.

Alhamisi, siku moja kabla ya muhuri kurudi ofisini, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliomba kupanda. Yeye ambaye kwa miaka mingi aliandika kadi za kuongoza ndege hakuwa mpenzi wa kuondoka ardhini, na watani wake walijua.

"Nitakaa pembeni yako, Kapteni. Nione mwenyewe."

"Karibu sana, Mama." Mkwe alifurahi kabisa, akamfungia mkanda wa kiti kwa mikono miwili kama anayefunga mzigo wa mayai.

Mama Shaba aliweka dira yake ya mkononi mapajani na kuanza kumchunguza. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkwe wake usoni kwa zaidi ya nukta tatu. Alimwona anagusa kila swichi na kuitaja kwa sauti ndogo. Ndege iliposimama kwenye mstari, dira ilisema kweli. Iliporuka, tumbo la Mama Shaba lilibaki chini, lakini macho hayakuondoka: dira ilisema kweli. Walipopita mawingu madogo ya kwanza, kweli. Ndege ikatulia, ikanyooka juu ya barabara kuu, na mkwe akapumua.

Ndipo akaingiza mkono mfuko wa kifuani akatoa simu yake, iliyovishwa kava jekundu la ngozi lenye mfuniko. Akaufungua mfuniko, akaukunja nyuma ukawa mguu wa kusimamia, tap, akaiegemeza juu ya dashibodi, chini kidogo ya dira. Ndani ya mfuniko kulikuwa na picha ya mtoto mwenye jino moja.

"Huwa nasafiri naye," alisema kwa haya. "Usijali, Mama, mawimbi yote nimeyazima. Sheria naijua."

Dira ikaanza kugeuka. Haikuruka wala kutetemeka. Iligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina, ikasimama. Chini yao barabara ilibaki ilivyo.

Mama Shaba aliinama mbele. Alinyoosha mkono akaichukua simu, akaipeleka nyuma ya kiti. Dira ikarudi. Akairudisha simu mbele. Dira ikapotoka nyuzi kumi na nane. Akafanya hivyo mara ya tatu, si kwa sababu alihitaji, ila kwa sababu mkono ulikataa kuamini.

"Mawimbi yanazimwa, baba," alisema hatimaye. "Sumaku haina swichi. Spika ya simu ina sumaku. Na hili kava, kinacholifunga ni sumaku mbili, hapa na hapa."

Rangi ilimtoka mkwe. "Lakini kwenye duara..."

"Kwenye duara unaiweka sandukuni. Mimi ndiye niliyekuambia uiweke sandukuni." Sheria yake mwenyewe, ya miaka yote, ndiyo iliyokuwa ikimficha mwizi kila alipokuja kumkamata. Ndege aliyoipima chini siyo ile iliyokuwa ikiruka angani. "Kava hili ulinunua wapi?"

Swali lilikuwa la kazi, la kujaza fomu. Mkwe alimtazama kwa mshangao, na kwa heshima ile ile ya siku zote akajibu polepole.

"Si ulinipa wewe, Mama. Mtoto alipozaliwa."

Mama Shaba alikumbuka siku ile dukani. Alilifungua na kulifunga mara nyingi, akiupenda mlio ule, tap, mpaka muuzaji akamuuliza kama atanunua au atacheza. Akalifunga kwa karatasi ya zawadi na kumkabidhi kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni. Miaka ishirini na sita ya kunusa sumaku mifukoni mwa watu, na ile aliyoinunua kwa furaha hakuinusa.

Walipotua, mkwe hakuzima injini mara moja. "Watanifungia leseni, Mama?"

"Watakusimamisha kidogo. Utafundishwa upya, utarudi."

"Na Mzee Nati?"

Hakuwa ameuliza kwa hila. Lakini Mama Shaba aliliona jambo lilivyokaa. Kava lingeweza kutupwa. Dira ingekaa sawa kuanzia kesho, mkuu wa karakana angeshukuru, mkwe angeendelea kuruka, muhuri ungebaki mezani. Kilichohitajika ni kuuacha ukurasa ule aliokwisha kuandika useme ulichosema. Mzee amebakiza miaka miwili tu astaafu. Aliliwaza hilo, tusimsafishe, aliliwaza kutoka kwenye ndege mpaka mlangoni mwa ofisi, na si mwendo mfupi.

Halafu akaketi akaandika. Ijumaa asubuhi aliipeleka taarifa kwa mkuu wa karakana pamoja na muhuri wenyewe, umefungwa kwenye kitambaa, ili asipate taabu ya kuuomba. Mkuu alisoma, akauweka muhuri kwenye droo na kusema atamjulisha ni kwa miezi mingapi. Kutoka hapo Mama Shaba alienda kwa Mzee Nati.

Alimkuta uani anatengeneza cherehani ya jirani, kikombe chake cha kazini kiko pembeni. Hakusimama.

"Ulimuuliza?" alisema.

"Sikumuuliza. Nilipanda, nikaona. Ni kava la simu. Nililompa mimi."

Mzee Nati alipangusa mikono, akapokea nakala ya taarifa, akaisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari. Alirudi nyuma mahali pamoja.

"Hapa umeandika kwamba nilikushauri umuulize. Sikukushauri, Fundi. Nilikuomba."

Mama Shaba akatoa kalamu, akalikata neno lile na kuandika jingine juu yake. "Nimekukosea, Mzee Nati. Sina la kujitetea. Jumatatu unarudi, mkuu ameshasaini. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kazi nilijua nitarudi." Alichukua nati ndogo ya cherehani akaizungusha kwenye kidole gumba. "Nilijua dira itakuumbua, maana dira haina mkwe. Lakini wiki nzima hii mke wangu ananiuliza nimeharibu nini. Kila jioni. Namwambia sijafanya kitu, ananijibu, Mama Shaba hawezi kupiga muhuri juu ya uongo. Miaka yote nimekusifu humu ndani, Fundi. Sasa ananificha macho, kama mtu aliyegundua amelala na mgeni."

Hakupandisha sauti. Alimrudishia karatasi.

"Yuko jikoni," alisema. "Mimi nimeshamwambia, hakuniamini. Nenda ukamwambie wewe."

Mama Shaba alisimama kidogo, karatasi mkononi, isiyo na muhuri wowote. Kisha akavua viatu, akabisha hodi, akaingia ndani.